Vidoa vya Waya

Hospitali nzima ilimwita Waya, kwa sababu alikuwa fundi wa kompyuta, na pia kwa sababu siku hizi alikuwa amekonda kama waya wenyewe. Mkewe alimsihi aende akapimwe kile kikohozi. Waya akajibu kwamba ni vumbi la kompyuta tu. Mkewe akamuuliza kama kompyuta nazo zinakohoa.

Lakini Waya alikuwa na vita vingine. Mganga mkuu alikuwa ametangaza kwamba kuanzia Jumatatu picha za kifua zitasomwa na mashine peke yake: ikiandika SALAMA, mgonjwa anakwenda zake bila daktari kutupia jicho. Daktari wa picha, mama mmoja mpole aliyechoshwa na foleni, alikuwa amekubali shingo upande. Waya akapinga. Alisema picha ikinyunyiziwa vidoa visivyoonekana kwa macho, mashine hugeuza kauli kama shahidi aliyehongwa, na hizo picha hupita kwenye kompyuta ambayo nusu ya jengo inajua neno lake la siri. Mganga mkuu akamwambia athibitishe au anyamaze.

Picha za wagonjwa ni siri yao, basi Waya akaomba apigwe picha ya kifua chake mwenyewe. Picha ilipotoka, akaisukumia moja kwa moja kwenye programu aliyoitengeneza, ambayo kazi yake ilikuwa kunyunyiza vidoa hivyo na kugeuza kauli ya mashine, yoyote iwayo. Hakuangalia mashine ilikuwa imesema nini mwanzo. Ya nini? Kifua chake si anakijua.

Walipokusanyika chumba cha picha, akajitapa kwamba sasa wataona mashine ikiandika UGONJWA na kumzika mtu mzima wa afya. Akabonyeza. Mashine ikaandika SALAMA.

Mganga mkuu akacheka mpaka akavua miwani. "Vipi, fundi, vidoa umevisahau nyumbani?"

Waya akakohoa. Daktari wa picha hakucheka. Akaomba iletwe ile picha ya kwanza, isiyoguswa. Kwa macho, zilikuwa pacha. Mashine ikaandika UGONJWA, ikachora duara jekundu juu ya pafu la kulia.

Waya ndiye aliyeelewa kwanza, na alifurahi kabla hajaogopa. "Mmeona? Imegeuza."

"Imegeuza, mwanangu," daktari alisema, akivuta kiti. "Sasa nyamaza, nitazame mwenyewe."

Akatazama bila haraka. Kisha akasema kivuli kipo kweli, Waya atoe makohozi leo hii yakapimwe. Akamgeukia mganga mkuu na kumwambia habari za Jumatatu wazisahau, maana huyu angerudishwa nyumbani salama usalimini, yeye na ugonjwa wake. Mganga mkuu akavaa miwani yake, akakubali.

Waya akatoka na kikopo cha makohozi mkononi, akampigia mkewe kumwambia kwamba ameshinda ubishi. Mkewe akataka kujua ubishi upi.

Waya akakitazama kikopo. "Wa mashine nimeshinda mimi," akasema. "Wa kikohozi umeshinda wewe."