Umefika Dakika ya Ngapi?

Lornah alikuwa fundi wa nguo pale Otonglo, na kama kulikuwa na mtu sokoni asiyejua kwamba anaimba, basi huyo alikuwa hajawahi kupeleka suruali yake kupunguzwa. Cherehani ikizunguka, anaimba. Umeme ukipotea, anaimba zaidi. Kwa miezi minne alikuwa na wimbo mmoja tu kichwani, wimbo wa Kiluo wa kumsifu mama yake, Akinyi, ambaye anaanika na kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Asembo Bay. Aliurekodi kwa laptopu ya kuazima, ndani ya kibanda chake mwenyewe, vitambaa vimening'inizwa kila upande ili malori ya barabara ya Busia yasiingie kwenye wimbo.

Alichotaka kilikuwa kitu kimoja. Kila Jumapili baada ya kanisa kulikuwa na kipindi cha redio kinachocheza nyimbo za wasanii wasiojulikana, na mama yake hakikosi. Huyo mama, tangu Lornah akiwa msichana wa kwaya, hajawahi kusikiliza wimbo wake hata mmoja hadi mwisho. Anasikiliza kidogo, anasema "sawa," halafu anainuka kufanya kazi nyingine. Lornah sasa ana miaka thelathini na tatu na hiyo "sawa" bado inamuuma. Alitaka Akinyi akae chini, asikilize mpaka mwisho, aseme kitu.

Kabla ya kuupeleka redioni akaona aujaribu mtandaoni, kwenye kikundi cha watu wanaotengeneza nyimbo na gemu zao wenyewe. Sheria ya kikundi ilikuwa nyepesi: kabla hujaweka kazi yako, toa maoni kuhusu kazi ya mwenzako. Lornah akachagua upesi gemu ya mtu anayeitwa Wakhisi, Mbukusu wa Bungoma anayechomelea mageti huko Katito. Ilikuwa gemu ya kusukuma mkokoteni wa nyanya mpaka sokoni. Akaicheza dakika mbili, nyanya zote zikamwagika, akaandika: "Kazi safi sana kaka, endelea hivyo hivyo, Mungu akubariki." Kisha akaweka wimbo wake na kurudi kwa cherehani, akingoja dunia itikisike.

Na ikatikisika, jamani. Alikuwa amewatumia marafiki wote wa Otonglo kiungo cha wimbo, na kufika saa kumi maoni yalikuwa ishirini na nane. "Dakika ya tatu, kali." "Hiyo dakika ya sita ni kali mbaya." Caren wa mitumba aliandika, "Dakika ya nne hapo, wacha tu, nimelia." Mzee Oyugi, aliyemwazima gitaa, mtu ambaye hasifu hata chakula cha harusi, naye aliandika, "Dakika ya pili na sekunde kumi ndiyo muziki wa kweli. Hao wengine wanapiga kelele." Lornah alisoma mara tatu huku akitabasamu peke yake, mpaka mteja akamuuliza kama amepata mchumba.

Ndipo ukaingia ujumbe wa Wakhisi. "Dada Lornah, asante kwa maoni. Samahani nikuulize, kwa gemu yangu ulifika wapi?"

Swali lenyewe dogo, lakini lilimkalia vibaya. Kudanganya angeweza, maana Katito ni mbali na hawajuani sura. Lakini Lornah hajui kudanganya bila jasho kumtoka, hata kwa maandishi. Akajibu: "Sikupita daraja la kwanza."

"Nilijua," Wakhisi akaandika. "Kila mtu ananiambia ni safi na hakuna aliyepita daraja. Mimi nataka kujua mnaangushwa na nini. Niambie tu, sitakasirika."

Lornah akaona aibu, aibu ya kweli. Kesho yake saa ya chakula akafunga kibanda nusu, akakaa na simu, akacheza. Alianguka mara kumi na moja. Akaandika kila kitu alichoona. Mkokoteni hauna breki, na hakuna mkokoteni unaoteremka mlima bila mtu wa kuuzuia kwa visigino. Kitufe cha kushoto kiko mahali ambapo kidole gumba kinafunika shimo la barabarani, kwa hivyo shimo unaliona ukiwa ndani. Mwenye nyanya anamtukana mchezaji kila anapoanguka, na mara ya kwanza inachekesha lakini mara ya sita unataka kumjibu. Mwishowe akaongeza: "Yule mbuzi anayekuja kula nyanya nikianguka, usimguse. Huyo mbuzi ndiye amenifanya nirudie mara kumi na moja."

Baada ya siku mbili mkokoteni ulikuwa na breki, kitufe kimehama, na mwenye nyanya amepunguza mdomo. Lornah akapita daraja. Huko mbele kulikuwa na soko zima, na mbuzi akiwa na watoto wake wawili, na Lornah akacheka mpaka akaangusha pini zote chini.

"Sasa zamu yako," Wakhisi akaandika. "Nitoe maoni ya wimbo?"

"Toa bila wasiwasi," Lornah akajibu, moyo mweupe kabisa. Kwa watu ishirini na nane waliosifu, alijua anapokea wa ishirini na tisa.

Ujumbe ulikuja mrefu. "Dada, wimbo ni dakika tisa. Mama yako anaingia dakika ya saba na nusu. Kabla ya hapo ni majina ya watu, nimehesabu thelathini na moja. Halafu nimesoma maoni yote. Kila mtu anasifu dakika ambayo jina lake limetajwa. Hakuna hata mmoja aliyefika kwa mama."

Lo, hasira iliyompanda Lornah. Sasa huyu anataka afanyeje? Huko kwao huwezi kuimba kama mtu asiye na watu. Aliyekuazima gitaa lazima aitwe kwa jina. Aliyekuchajia simu aitwe, aliyekupa laptopu aitwe, na shemeji yake aitwe pia, asije akanuna. Kutaja watu ndiyo adabu ya muziki, na huyu mchoma vyuma wa Bungoma amejulia wapi? Akaweka simu kifudifudi, akashona kwa nguvu, na alipoinua suruali ya mteja akakuta ameshona mguu mmoja ukazibika chini.

Akaacha kushona. Akachukua simu, akafungua wimbo wake, akaanza kuangalia kimoja kimoja. Dakika ya pili na sekunde kumi: "Oyugi, baba wa gitaa." Dakika ya nne: "Caren, mrembo wa mitumba." Dakika ya tano na robo, ambayo fundi wa simu wa jirani alisema imemtoa machozi: jina la fundi wa simu. Wote. Wote ishirini na nane, kila mmoja alikuwa amejisikiliza mwenyewe akaenda zake. Lornah alijihurumia, halafu akamhurumia mama yake, amekaa huko dakika ya saba na nusu peke yake kama mgeni asiyekaribishwa.

"Niambie cha kufanya," akamwandikia Wakhisi.

"Kiluo sijui, nilishika majina tu na neno mama," Wakhisi akasema, safari hii kwa ujumbe wa sauti, huku nyuma nyundo zikigonga. "Lakini ulipofika kwa mama, sauti yako ilibadilika. Mimi nilizima mashine nikasimama na miwani yangu ya kuchomelea, nikasikiliza. Anza hapo. Na punguza ngoma, inakufunika."

Lornah akakata. Ilimuuma kukata, lakini alikata. Majina yote thelathini na moja yakatoka, ngoma ikatoka, mama akaongezewa beti mbili, ukabaki wimbo wa dakika tano, gitaa pole na sauti yake. Habari ikafika sokoni kabla hajafunga laptopu. Mzee Oyugi alikuja mwenyewe kuchukua gitaa lake.

"Umenitoa," alisema. "Mimi niliyekupa nyuzi mpya."

"Baba, huo mrefu upo, sijaufuta. Siku ya sherehe hapa sokoni nitauimba wote, na jina lako nitaliita mara mbili. Lakini huu ni wa Mama."

Mzee Oyugi alitazama gitaa, akatazama barabara. "Mara tatu," akasema, na akaliacha gitaa pale pale.

Redio ikaukubali. Lornah akampigia mama yake Jumamosi na kumwambia afungue kipindi, bila kumwambia kwa nini. Jumapili akakaa kibandani na redio ndogo, bado na nguo za kanisa. Wakasoma matangazo ya vifo kwanza, kama kawaida, fulani wa Nyakach, fulani wa Uyoma. Halafu, bila hata kuvuta pumzi, mtangazaji akacheza wimbo. Lornah alijisikia akiimba polepole juu ya Akinyi wa Asembo Bay, mwanamke mpole, mwanamke asiyejua hasira, mikono yenye harufu ya omena iliyolea watoto sita. Ulikuwa mzuri. Aliusikia kwa masikio yake mwenyewe kwamba ni mzuri.

Ukaisha. Akangoja simu. Dakika tano, kumi, ishirini, kimya. Hapo ndipo alipoanza kuumia kweli, akajiambia mama ameinuka tena kama kawaida yake, na yeye ni mjinga wa kungoja.

Simu ikaita. Nyuma ya sauti ya mama yake kulikuwa na kishindo cha watu.

"Lornah, umenifanyia nini?"

"Mama? Ni nini hiyo nasikia?"

"Ni matanga yangu."

Kumbe kijiji kizima kilikuwa kimefungua redio ile ile. Na pale Asembo Bay, jina la mtu likitoka redioni mara tu baada ya matangazo ya vifo, kwa gitaa la huzuni namna hiyo, na asifiwe hivyo bila kosa hata moja, watu hawaulizi maswali. Nani amewahi kusifiwa hivyo akiwa hai? Jirani yake, Mama Sheryl, alianza kulia tangu njiani, akaingia na sukari kilo mbili. Wa pili akaja na sufuria kubwa ya kupikia wageni. Wa tatu alishaanza kuuliza kaburi litachimbwa upande gani.

"Wakanikuta nimekaa kwa kiti na redio," Akinyi akasema. "Mama Sheryl alipiga kelele akaangusha sukari. Unajua niliwaambia nini?"

"Uliwaambia nini, Mama?"

"Niliwaambia wanyamaze. Nikawaambia mimi sijafa, kaeni chini, huyo ni mtoto wangu na hajamaliza."

Machozi yalimjia Lornah na kicheko kikaja juu yake, vyote pamoja, na hakujaribu kuzuia hata kimoja.

"Umesikiliza wote?"

"Wote. Sasa ngoja nikwambie makosa yako," mama yake akasema, na alikuwa ameshajipanga. "Pale unasema sijui hasira, huo ni uongo, na hawa watu wote wanajua ni uongo, wanacheka hapa. Niliwachapa. Weka kwamba niliwachapa. Halafu wimbo ni pole mno. Mimi miguu bado ninayo. Ngoma iko wapi?"

"Niliitoa."

"Irudishe. Hawa wamekuja na sufuria, chai iko kwa moto, hawawezi kurudi hivi hivi. Nimekuweka kwa spika. Imba sasa, haraka haraka."

Lornah akaweka simu juu ya cherehani, akaanza kupiga meza kwa mikono miwili na kuimba kwa kasi. Upande wa pili waombolezaji wakashika mdundo kwa makofi, na mtu akaanza kugonga ile sufuria. Akaingiza fimbo ya mama na hasira zake kwenye ubeti wa pili, akibuni maneno hapo hapo, na akasikia kijiji kikiangua kicheko. Sauti ya mama yake ikapanda juu ya makofi yote.

"Ngoja, ngoja. Hapo kwa fimbo umekimbia. Rudia."

Lornah akarudia.