Kipimo Kinasema Sabini

Bachubai aliwasha kiberiti cha tatu, akavuta, na siga ikazima tena.

"Safari hii Zain amenunua takataka," alisema.

Zain, mwanawe aliyeko Dar, ndiye aliyemletea siga, zile nene za tumbaku iliyoviringishwa kwa mkono. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi Bachubai alivuta moja barazani kwake Isamilo pamoja na rafiki yake Rebeka, nesi mstaafu aliyevuka na kivuko kutoka Sengerema.

Rebeka aliiminya ya kwake. Ilikuwa imevimba, laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi.

"Mama Zain, mtoto hana kosa. Hizi zimelowa. Shusha unyevu hadi sitini na tano."

"Sabini!" Bachubai nusura asimame. Marehemu mumewe, Amirali, alitunza siga zake kwa unyevu wa asilimia sabini miaka thelathini, katika sanduku hilohilo la mwerezi zinamokaa hizi, kwa kipimo hichohicho cha unyevu chenye mshale. Tangu afariki, Bachubai hakubadilisha kitu. Alilowesha tu kile kisponji cha ndani kinachotunza unyevu. Sabini ilikuwa ya Amirali, na hakuna wa kuichezea. "Njoo utazame mwenyewe."

Rebeka akatazama. Mshale ulikuwa kwenye sabini, umetulia tuli. Lakini mvua ilikuwa ikinyesha tangu Jumatano, na hewa ya ziwani ilikuwa nzito kiasi kwamba hata nguo za kabatini zilikuwa baridi.

"Hiki kimejaribiwa lini?"

"Kipimo kijaribiwe na nini tena?"

"Na chumvi. Wodini hatukuamini kipimo bila kukijaribu."

Akajaza chumvi kwenye kizibo cha soda, akaidondoshea maji mpaka ikawa kama uji mzito, akaifungia pamoja na kipimo ndani ya kopo la plastiki. Chumvi iliyolowa ikifungiwa hivyo, alieleza, hewa ya ndani hufika sabini na tano, haizidi wala haipungui. Sharti ikae hadi kesho. Bachubai akamtandikia kitanda cha wageni huku amenuna.

Asubuhi, kabla hata ya chai, walikuta mshale kwenye sitini na nane.

Bachubai alihesabu kwa vidole. "Kinapunguza saba. Kumbe siga zangu ziko sabini na saba!" Akakaa chini. "Na Amirali? Naye alikosea miaka yote ile?"

"Hapana, Mama Zain. Enzi zake kilikuwa sawa. Kimezeeka tu, kama magoti yetu."

Bachubai akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Akakitoa kisponji, akakianika, na kwenye kioo cha kipimo akabandika kikaratasi: *ongeza saba*.

Mwishoni mwa Julai mshale ulisoma hamsini na nane, yaani sitini na tano ya Rebeka, na siga zilishika moto vizuri, zikaungua sawasawa, zikanukia kahawa na mbao. Bachubai alivuta yake hadi nusu.

"Sitini na sita ingefaa zaidi," alisema hatimaye.

"Basi iwe sitini na sita," Rebeka akajibu, akaegemea kiti chake.