Sauti ya Flora Kwenye Dirisha la Chumbani

Kompyuta ya marehemu Flora ilikaa juu ya sanduku la bati, chumbani kwa mama yake, Nyanjige, pale Somanda, Bariadi. Haikuwekwa pale kwa mapambo. Betri yake ilikuwa imekufa, haiwaki bila umeme, na nyumba nzima ilikuwa na soketi moja tu inayofanya kazi, nayo iko kando ya kitanda. Kila Jumapili, akitoka kanisani, Nyanjige alifunga mlango, akatundika kanga yake kwenye msumari, akaandika neno la siri kwa kidole kimoja, kisha akabonyeza alama ya spika. Hapo Flora alianza kuongea.

Alikuwa amejirekodi mwenyewe, mwaka ule wa mwisho aliporudi nyumbani kuugua. Walipokaa kumenya karanga, yeye na mama yake, aliwasha kompyuta ikasikiliza. Hayakuwa mambo makubwa yaliyomo. Karanga, mvua, mbuzi wa jirani. Lakini sauti ilikuwa ile ile, na kicheko kile kinachoanzia puani.

Sasa, Jumapili tatu mfululizo dirisha dogo lilikuwa linatokea kwenye kioo, likiomba ruhusa ya kusasisha mtambo. Nyanjige alilikatalia mara ya kwanza, akalikatalia ya pili. Ya tatu aliona haya. Kwao Mkula alikozaliwa, anayebisha hodi mara tatu hageuzwi mlangoni, hata kama hujui alichofuata. Akabonyeza ndiyo.

Kompyuta ikajizima, ikawaka, ikauliza neno la siri kama kawaida. Akaandika. Kioo kikawa cheusi kama kitako cha chungu, halafu kikamrudisha pale pale kwenye neno la siri. Akaandika tena. Na tena, mpaka uji wake ukaota utando.

Jumatatu aliiviringisha kwenye kanga akaipeleka sokoni kwa fundi Athanasi.

"Bibi, hii haiendeshwi na Windows, ni Linux," Athanasi alisema. "Hapa mjini wanaoijua hawafiki wawili, na mimi simo. Nikupigie Windows mpya, saa moja tu inakuwa kama imetoka dukani."

"Na vilivyomo?"

"Vinafutika. Kwani umeficha nini humo, bibi? Barua za wachumba?"

Nyanjige aliiviringisha tena, akarudi nayo kifuani kama mtoto mwenye homa.

Veronica, jirani yake, ndiye aliyemsema. "Si umpigie mkweo? Si yeye aliyeiweka hiyo Linux?"

"Nimpigie mkwe nimwambie nini? Kitu chenyewe kiko chumbani kwangu."

"Basi nampigia mimi. Mimi sina mkwe, sina haya."

Mabula, mume wa Flora, alikuwa mwalimu Maswa, akikaa Binza. Tangu arobaini ya mkewe, miezi minane, hakuwa amekanyaga Somanda. Nyanjige hakumlaumu. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, sembuse kuingia chumbani kwake. Miaka yote Flora alisimama katikati, akipeleka maneno huku na kuyaleta kule. Alipoondoka, maneno yakakosa wa kuyabeba.

Jumamosi Mabula alifika kwa basi la asubuhi. Veronica akamwekea kigoda nje, chini ya dirisha la chumbani, naye akakaa ameupa ukuta mgongo. Kutoka ndani, pembeni ya pazia, Nyanjige aliona mkono wake tu, ukichezea funguo. Kati ya funguo ilining'inia flashi nyekundu.

"Mwangaluka, mayu," Mabula alimwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, baba. Umefika salama?"

"Salama."

Kuku akapita, akachakura, akaenda zake.

"Mayu, bonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Ctrl, Alt, na F3 iliyo juu."

"Ngoja. Vidole vimekakamaa kwa palizi la pamba." Akahangaika. "Haya, pamekuwa peusi. Kuna maandishi meupe."

"Nisomee."

Alisoma herufi moja moja, kama alivyofundishwa darasa la kwanza, bila kuruka hata nukta.

"Vizuri. Andika jina lake, kisha neno la siri. Hutaliona likitokea, usiogope."

Likakubali. Akamwambia aandike l na s, amri ya kuorodhesha vilivyomo, abonyeze kitufe cha Enter.

"Yametokea majina," Nyanjige alisema. "Mengine ni ya Kizungu. Na hili moja, Karanga."

Nje, funguo ziliacha kulia.

"Basi havijapotea," Mabula alisema polepole. "Kilichokwama ni picha. Ulipokubali kusasisha, iliingia keneli mpya, ndiyo moyo wa mtambo. Programu inayochora picha kwenye kioo ilizoea ile ya zamani. Na hii mpya hawaelewani."

"Kama ng'ombe akikamuliwa na mkono mgeni. Anabana maziwa."

"Hivyo hivyo, mayu."

"Na mkono wa zamani?"

"Upo. Mtambo huu ukipokea mpya hauitupi ya zamani mara moja, unaiweka chini yake. Zima, uwashe, na papo hapo ushikilie Shift."

Mara ya kwanza alichelewa. Mara ya pili kidole kiliteleza. Mabula akashika nondo ya dirisha.

"Mayu, niingie? Ni dakika moja tu."

Nyanjige akatazama kitanda chake, kanga kwenye msumari, gauni la kulalia. Flora angecheka hapa. Angetoka nje, angerudi, angemaliza jambo.

"Hapana, baba. Tujaribu tena."

Mara ya tatu mistari ikatokea. Akashuka kwenye wa pili, akaingia, akasoma namba zote kwa sauti, na Mabula akamwambia achague keneli yenye namba ndogo. Neno la siri. Weusi kidogo. Halafu picha ya shamba la pamba, ile Flora aliyoipenda, ikajaa kioo kizima.

Akabonyeza spika.

"Mama, hizi karanga za mwaka gani?" Flora alisema. "Zimenyauka kama masikio ya mzee Masalu." Kicheko, kutoka puani. "Mabula hajafika? Chai yake inapoa."

Nyanjige alinyoosha kidole kuizima, akakirudisha. Akalivuta sanduku kuelekea dirishani mpaka waya ukakaza, akaongeza sauti. Wakasikiliza mpaka mwisho, dakika kumi na tisa, ukuta ukiwa katikati yao.

"Mayu," Mabula alisema baadaye, "kila ukiwasha, shikilia Shift, uchague ile ile, mpaka nije niirekebishe kabisa. Inataka intaneti, na leo sina bando."

"Na flashi? Ukachukua nakala, usikilize kwako."

Nje, funguo zilianza tena kulia.

"Leo sina. Nitakuja nayo Jumamosi."

Pembeni ya pazia Nyanjige aliona ile flashi nyekundu, kisha kiganja kikaifunika.

"Haya, baba," alisema. "Jumamosi nitamenya karanga."