Maelezo ya Jamaa

Nyuma ya mlango yalining'inia magauni mawili, na mama akachagua lililochakaa. Kwapani lilikuwa na kiraka cha rangi nyingine. Alijitazama kwenye kipande cha kioo, akaridhika.

"Mbona umevaa hilo?" binti yake aliuliza.

"Nikienda hospitali nimependeza, wataniambia njoo kesho."

"Mama, hawa si watu wa dirishani. Hawa ni watafiti."

"Watu wa ofisi ni wale wale. Twende, Mwalimu."

Mama alimwita bintiye Mwalimu tangu siku binti alipoingia chuo cha ualimu. Hakuacha kumwita hivyo hata binti aliporudi nyumbani katikati ya muhula, akisema kuna mtu anamwita kwa jina kutoka ukutani, na kwamba anajua fika hakuna mtu. Ni hilo la pili lililowavutia watafiti. Walikuwa wakitafuta vijana wa namna hiyo, wanaosikia sauti na bado wanajua kwamba hazipo. Waliwaita walio ukingoni. Baadhi yao wangetulia wenyewe, wengine wangeugua kabisa, na utafiti ulitaka kujua ni akina nani na kwa nini. Kila baada ya wiki mbili binti alikaa na mshauri, mwanamke asiye na haraka, wakazungumza. Usingizi ulimrudia. Alianza kufungua vitabu, na chuo kilikuwa kimekubali arudi muhula ujao.

Mama hakuyaamini mazungumzo. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka katika chumba cha kufulia cha hoteli, mvuke ukimchemsha kuanzia asubuhi, naye hakuwahi kuona shuka lililonyooka kwa kuongeleshwa. Alitaka vidonge. Aliamini vidonge wanavyo, ila wanawabania.

Njiani binti akamwambia, "Wataanza na mimi, halafu watakuhoji wewe peke yako. Usiwaambie habari ya redio."

"Nitawaambia ili iweje?"

"Ilikuwa mara moja tu."

"Nimesikia, mwanangu."

Juzi binti alikuwa ameizima redio ghafla, akisema mtangazaji anamsema yeye. Muda mfupi baadaye akacheka, akasema ni uchovu, akaiwasha mwenyewe.

Mtafiti alikuwa kijana wa miwani mwenye adabu nyingi. Alimvutia mama kiti, akamuuliza kama angependa maji. Hakuna ofisi iliyowahi kumpa mama maji. Akaona leo ndiyo siku ya kuomba.

"Anapozisikia zile sauti, mama, bado anajua kwamba si za kweli?"

Mama alimpima kwa macho. Alishapiga magoti mbele ya wengi: kwa ajili ya karo, kwa ajili ya kazi, kwa ajili ya cheti cha kifo cha mumewe. Kote huko alijifunza kwamba shida ndogo hurudishwa nyumbani. Ukisema hali si mbaya sana, wanakuamini.

"Hajui tena," alisema. "Anazungumza na ukuta kutwa nzima. Redio ilimsema, akaivunja. Chakula hagusi, anadai nimemtilia sumu."

"Kwa muda gani sasa?"

"Mwezi mzima. Mtoto anaangamia, baba. Mpeni dawa."

Mtafiti aliandika kwa utulivu, kisha akaweka kalamu chini. "Pole sana, mama. Umetusaidia kuliko unavyodhani."

Mama akashusha pumzi. Alisubiri vidonge.

"Basi ameshavuka," mtafiti alisema. "Utafiti wetu ni wa walio ukingoni tu. Mtu akishaugua, kwetu amemaliza. Tutamwelekeza wodi ya magonjwa ya akili."

"Na yule dada anayezungumza naye?"

"Yule ni wa utafiti."

Ilimchukua mama muda kuelewa. Alipoelewa, alihisi uso unamchoma kama aliyefungua mashine ya mvuke kabla haijapoa.

"Niliongeza chumvi," alisema. "Redio haijavunjwa. Iko nyumbani, twende ukaione. Chakula anakula. Jana alikula akaongeza."

"Naelewa."

"Nimesema uongo, baba. Mtu mzima mimi, nimekaa hapa nimesema uongo."

Mtafiti alimtazama kwa huruma ya kweli. "Jamaa wengi hukana wakishasikia hivi. Ni kawaida, wala usijilaumu."

"Basi muulizeni mwenyewe."

"Tumemuuliza asubuhi hii. Habari ya redio hakuigusa kabisa. Na kuficha nako tunakuhesabu kama dalili, mama."

Wodi ilikuwa nyuma, ukishapita jiko la hospitali, na lango lake lilikuwa la nondo. Binti alishaambiwa aliyoyasema mama. Alitangulia, begi lake la vitabu begani, na mama akamfuata kwa umbali wa mtu asiyejuana naye. Benchi lilijaa wagonjwa na waliowaleta. Wengine walisimama. Walisubiri wote, mama upande huu wa nguzo na binti upande ule, mpaka muuguzi alipofika kwao, funguo mkononi.

"Dawa hakuna mpaka mwisho wa mwezi," alisema. "Daktari anaona wanaolazwa tu, na vitanda vilivyobaki ni vya wakali. Huyu anapiga watu?"

Mama alizitazama zile funguo.

"Mama, nakuuliza wewe. Kama hapigi, mrudishe nyumbani. Akizidiwa utamleta."

Hapo binti akageuka, kwa mara ya kwanza tangu watoke kwa watafiti. Macho yake yalikuwa makavu, na sauti ya chini, yenye subira, kama anayemsaidia mwanafunzi aliyekwama mbele ya darasa.

"Sema, mama," alisema. "Si unajua kusema."

Watu wa benchini wakanyamaza ili wasikie.