Nesi, Ziba Mdomo

Siku tuliyomzika mke wangu, ofisi ilimtuma mtu mwenye tai aje kutoa salamu za kampuni. Akasimama kando ya kaburi, akakohoa, akasema marehemu alikuwa mfanyakazi mkimya, mfano wa kuigwa. Mfanyakazi mkimya! Shemeji yangu alinishika mkono, maana aliniona ninavyovuta pumzi.

Mkimya walimfanya wao. Nilipomwoa sauti yake ilikuwa ndogo na tamu. Ungekuwa chumba cha pili ungedhani anazungumza na sindano. Kiwanda chetu kinatengeneza makopo ya rangi. Mimi niko ghala, napanga makopo kwenye maboksi. Yeye walimweka ukumbini, kwenye mashine ya kugonga vifuniko. Bati linaingia, nyundo inashuka, kifuniko kinatoka, na nyundo haijui adabu ya kupumzika. Kitu cha kuziba masikio hawakumpa, hata kipande cha sponji. Wenyewe wakipita ukumbini na wageni wao, wageni huvalishwa vile vikombe vya masikioni, vyekundu, vizuri. Wakitoka vinarudi kabatini.

Kwanza sauti yake ilipanda. Akiniomba chumvi mezani, jirani anaitikia. Tukacheka, na yeye akacheka. Halafu ikakosa mawimbi. Sauti ya mtu hupanda na kushuka. Yake ikalala kama ubao. Afurahi, akasirike, ni ile ile, na kama humwoni uso hujui unasalimiwa au unatukanwa. Mwisho zile herufi nyembamba, sa na sha, zikaanza kumponyoka, kwa sababu alikuwa hazisikii tena akitamka, na mtu hachungi mbuzi asiyemwona. Muuza duka akamuuliza mbele ya watu, "Mama, umelewa na asubuhi yote hii?" Kiwandani wakambandika jina la Honi.

Basi Honi akanyamaza. Nje ya nyumba yetu hakufungua tena mdomo mpaka tumbo lilipomuua.

Baada ya msiba kampuni ikasema ina huruma. Huruma yenyewe ilikuwa hii: stuli ya marehemu wakampa binti yetu wa mwisho, kitinda mimba, ambaye wote tunamwita Kitinda. Mashine ile ile, nyundo ile ile. Watu wakanipongeza. Huko ndiko tulikofikishwa, mtu kupongezwa kwa sababu mwanawe amewekwa pale mama yake alipoharibikia. Na njaa haimpi mtu nafasi ya kukataa, wao wanalijua hilo kuliko sisi.

Hata mwaka haukutimia. Jumapili moja Kitinda ananisimulia habari za mwenzake aliyechumbiwa, tumekaa wawili tu, magoti yanakaribia kugusana, na ananisimulia kama niko ng'ambo ya mto. Ile sauti naijua. Nimelala nayo kitanda kimoja.

Alipoinuka kwenda kuosha vyombo, nikasimama nyuma yake nikasema kwa sauti ya kawaida, "Kitinda, sufuria inavuja." Akaendelea kusugua. Nikarudia. Anasugua na kuimba, na wimbo wenyewe umenyooka kama ubao. Nikamgusa bega akaruka.

"Baba! Mbona unaninyatia kama paka?"

"Nimekuita mara mbili, mwanangu. Husikii."

"Nasikia. Maji yalikuwa yanapiga kelele."

"Maji gani? Bomba umelifunga."

Akanuna. "Baba, mimi nimepimwa. Nesi wa kampuni katupima ukumbi mzima, na wote tumepita. Hata yule bibi wa mashine ya mwisho anayekaribia kustaafu, kapita. Sasa wewe umekuwa daktari wa masikio lini?"

Hapo niwaeleze jambo la ukumbini. Mle ndani sauti ya mtu haifiki popote, kwa hiyo watu wa mashine husema kwa midomo mitupu. Mmoja anachezesha mdomo huku, mwenzake kule mwisho anamsoma. Wanasengenyana, wanakopeshana, wanatongozana, wanamkejeli meneja akiwa amesimama katikati yao, na yeye haambulii neno. Wanajivunia ufundi wao, na haki yao wajivunie. Sasa nesi anakuja na kijiti chake, anamkalisha mtu mbele yake uso kwa uso, anauliza, "Unanisikia vizuri? Umri wako? Unaishi wapi?" Wote wanajibu, wote wanapita. Hakuna aliyedanganya. Mtu aliyezoea kusoma midomo hajui kama anasoma. Yeye anadhani anasikia. Lakini waliompa nesi kipimo cha namna ile walikuwa na shule zao. Msinieleze kwamba hawakujua.

Jumatatu nikapanda ofisini. Nyapara wa ukumbi, mtu aliyeanza kazi pale akiwa kijana hana hata ndevu, alinitangulia ngazi. Nikamwambia meneja sitaki makubwa. Nataka binti yangu aondolewe kwenye mashine ahamie ghala kabla masikio hayajaisha. Ghala tuna upungufu wa watu, kila mtu anajua.

Meneja akafungua faili. "Mzee, hapa imeandikwa anasikia vizuri."

"Mwite. Na nesi mwite. Mwambie nesi azibe mdomo."

"Azibe mdomo kwa nini?"

"Wewe mwambie azibe, utaona."

Wakaitwa. Kitinda akaingia na vumbi la bati kwenye nyusi, akaniona, akanitolea macho: baba, umekuja kunitia aibu gani tena? Nesi, ambaye ni binti mdogo tu, hana ubaya, akainua faili mbele ya uso hadi puani, akauliza, "Unanisikia? Unaishi wapi?"

Kitinda akatabasamu. Akakaa vizuri kwenye kiti, mikono mapajani, akasubiri kama mtu anayetaka kupigwa picha.

Nesi akauliza tena, kwa nguvu zaidi. Mimi nilimsikia, meneja alimsikia.

"Anza basi, dada," Kitinda akasema, kwa ile sauti ya kuvuka mto. "Nimeacha mashine inawaka."

Nesi akashusha faili, machozi yako pembeni ya macho. Mimi niliangalia sakafu. Nilikuwa nimeshinda, na ushindi wenyewe kinywani ulikuwa kama kutu.

Meneja yeye hakuchukua hata muda wa kumeza mate. "Kumbe ni kweli," akasema. "Basi hafai. Asiyesikia ni hatari kwenye mashine, kwake na kwa wenzake. Leo amalizie hapa hapa. Apeleke aproni stoo."

"Nimeomba ahamie ghala!"

"Ghala kuna magari yanarudi nyuma, yanapiga honi. Asiposikia atakanyagwa. Mzee, mimi namlinda."

"Unamlinda? Masikio mmekula ninyi, sasa mnatutemea mifupa! Mama yake mlimla hivi hivi, mkaja kaburini kutuambia alikuwa mkimya!"

"Mzee, punguza sauti."

"Mimi nasikia vizuri, bwana mdogo. Hii nimeipaza kwa makusudi."

Nyapara akanishika kiwiko. Kitinda alikuwa anatuangalia midomo, mara mimi, mara meneja, na nikaona neno la kufukuzwa linavyomfikia. Lilimfikia kupitia macho, polepole, silabi moja moja.

Tulipofika nyumbani ndipo akalipuka, na mtaa mzima ukapata habari.

"Umenifukuzisha kazi! Umeniweka kwenye kiti kama kichekesho! Nani alikutuma?"

"Mama yako," nikamwambia.

"Mama amekufa, baba!"

"Basi ndiyo hivyo."

Akaingia ndani, akapiga mlango. Nilikaa barazani na hasira zangu. Watu watasema ilinipasa nijute. Sikujuta. Anayetakiwa kujuta ana ofisi yenye feni.

Jioni akatoka, macho yamevimba, akavuta kigoda akakaa mbele yangu.

"Geuka," akasema. "Nipe mgongo, useme kitu chochote."

Nikageuka. Nikaukabili ukuta, na nikajikuta naueleza ule ukuta jambo ambalo sikuwahi kumweleza yeye. Kwamba siku niliyompeleka mama yake zahanati, mama aliinama dirishani kueleza tumbo linavyomkata, akaeleza kwa ile sauti yake, na mtu wa mapokezi akampigia kelele mbele ya foleni nzima: mama, hapa si sokoni, kama huna adabu rudi kwenu. Maneno yale aliyasoma yote. Akanivuta shati, tukarudi. Kila nilipotaka kumpeleka tena alifunga midomo na kutikisa kichwa, mpaka siku ya kubebwa.

Nilipogeuka Kitinda alikuwa ananiangalia kisogo kwa nguvu zote, kama mtu anayetafuta uzi gizani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nimesikia mngurumo tu. Sema tena, huku unaniangalia."

Nikasema tena, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Kisha akauliza, "Na mimi sauti yangu ikoje? Kama ya mama?"

"Kama yake."

"Na watu wanacheka?"

"Wapo wanaocheka."

"Basi nao watasikia vizuri," akasema, akainuka.

Asubuhi nilimkuta getini kabla yangu. Ni saa ya kupokezana zamu, wa usiku wanatoka, wa mchana wanaingia, malori yanasubiri mzigo, madereva wanakunywa chai kwenye ukingo wa mtaro. Kitinda kasimama juu ya kreti. Akafungua ule mdomo.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa sauti nzuri. Ilikuwa pana, kavu, haina kupanda wala kushuka, na sa na sha zimeanza kukatika. Lakini ilifika. Dereva wa lori la mwisho aliweka kikombe chini.

"Mimi nimepimwa mbele yenu nikapita, na jana nimefukuzwa kwa uziwi! Nesi aliziba mdomo nikawa sisikii kitu! Na ninyi mmepita kama mimi! Mwambie mwenzako azibe mdomo, muone!"

Vijana wawili wa zamu ya usiku wakacheka. "Honi amefufuka!" mmoja akasema. Mwenzake, kwa mzaha tu, akaweka kiganja mdomoni, akasema kitu. Yule wa kwanza akabaki anacheka, halafu kicheko kikamwisha taratibu.

"Umesema nini?"

"Nimekuuliza jina la mkeo."

"Rudia. Usizibe."

"Nikiacha kuziba si ndiyo hutajua kama unasikia?"

Ikawa getini kila mtu na kiganja mdomoni. Akina mama wawili wawili, vijana, yule bibi wa kustaafu. Wengine walijibu wakashusha pumzi. Wengine walibaki wamekodoa macho kwenye kiganja cha mwenzao, na sura zikawaporomoka. Mlinzi akaja kwangu mbio.

"Mzee, mwambie mwanao apunguze sauti!"

"Mwambie mwenyewe. Simama mbele yake, akuone mdomo."

Hapo nyapara akapita katikati ya watu, anawafukuza ndani kwa mikono. Msichana mmoja wa ukumbini akasimama nyuma yake kabisa, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa madereva, "Nyapara, kichwa chako kama kopo lililokanyagwa!" Nyapara akaendelea kutembea. "Na suruali imechanika nyuma!" Akaendelea. Watu wakapasua kicheko, na kikakatika nusu. Nyapara akaona nyuso zinavyomtazama. Akajishika suruali, akageuka.

Mashine zilikuwa hazijawashwa, na madereva wakaanza kupiga honi za malori. Ndipo meneja alipoteremka mwenyewe. Hakuenda kwa watu, alikuja kwa Kitinda, akasimama karibu na kreti akiongea taratibu, midomo yake ikichezeshwa kwa uangalifu kama anamfundisha mtoto. Kazi ya ghala. Ndani, kwenye kupanga, mbali na magari. Aanze leo, ila ashuke.

Kitinda akanitazama. Mimi nikamwambia ashuke. Nilitaka masikio yake yaliyobaki, na nimeyapata, na atakayeniita msaliti aje anilishie nyumba. Waliobaki getini wakatazamana. Mmoja mmoja wakaingia zamu.

Mchana nyapara alinijia ghala. Alisimama mahali anaponiona usoni. "Umepata ulichotaka. Panda juu ukamshukuru meneja. Amesema."

"Ile stuli ya mashine ya vifuniko, nani amekaa leo?"

Akasogeza macho pembeni. Nikamwacha hapo, nikaenda mpaka kwenye mlango wa ukumbi, nikachungulia. Alikuwa msichana mgeni, aproni bado ina mikunjo ya stoo, mtandio mpya kichwani. Kila nyundo ikishuka, anafumba macho na mabega yanaruka.

Nyapara alikuwa amenifuata. Tukasimama wote wawili tukimwangalia.

"Atazoea," akasema, kwa sauti iliyopita juu ya mashine zote.

Kule juu sikupanda. Nilirudi kwenye maboksi.