Kitambulisho Kilichobaki Mugutha

Mke wangu Jentrix alinipigia simu Jumamosi asubuhi akiwa kwenye gati, ziwani. Mama yake alikuwa azikwe siku hiyo saa nane, kisiwani ng'ambo, upande wa Uganda alikoolewa. Feri ilikuwa ya saa nne na hakukuwa na nyingine mpaka kesho yake. Boti za mbao zilikuwa zimekatazwa kwa sababu ya upepo.

"Jared, kitambulisho sina. Nimemwaga handbag yote hapa chini, napata hii kadi ya gate tu."

Nikajua papo hapo. Juzi alikuwa akifua nguo kwa Mama Shiko, kwenye estate moja ya Mugutha. Kule huingii bila kumwachia askari wa lango kitambulisho. Anakitia kwenye sanduku, anakupa kadi ya plastiki uvae shingoni, na ukitoka mnabadilishana. Sisi watu wa kufua, kupaka rangi na kuzibua mabomba tumezoea hivyo hata hatufikirii tena. Simu ya msiba ilimkuta ana povu mikononi. Lango lilikuwa limefunguliwa lori la maji lipite, naye akatoka mbio analia, kadi ikiwa shingoni. Nani atamlaumu? Usiku wa Ijumaa akapanda basi la Busia, na kwenye basi hakuna aliyemuuliza yeye ni nani.

"Karani wa tiketi anasema aje?"

"Wanaovuka border lazima kitambulisho ama passport, original. Lakini ameniona nikilia, akasema akiona hata picha yake ataongea na mkubwa wake. Haraka, Jared."

Nilitoka nyumbani Witeithie kwa bodaboda bila kunawa uso.

Langoni nilimkuta askari aitwaye Kyengo, mtu mpole mwenye sweta la kijani. Nikamweleza yote. Akafungua sanduku, akatoa kitambulisho cha Jentrix, akakiangalia, akaniangalia mimi. Kilikuwa pale, umbali wa mkono wangu.

"Kadi iko wapi?" akauliza.

"Iko na yeye huko ziwani."

"Basi akuje na kadi."

"Boss, mama yake anazikwa leo! Mimi ni bwana yake. Sitaki hata uniachie. Nipige picha tu."

"Pole sana. Lakini hata mwaka jana mwingine alikuja akasema ni bwana ya mtu. Nikampea. Wakachukua loan na hiyo kitambulisho, mimi nikakaa nyumbani miezi mbili bila kazi. Hao watu hata original hawakuwa wanahitaji, ni namba tu."

Sheria ni msumeno, lakini siku hiyo ulikuwa ukikata upande wetu tu. Nilimchukia yule mtu. Nilimchukia zaidi kwa sababu hakuwa akisema uongo. Nikampigia Mama Shiko, simu imezimwa. Kyengo naye akampigia supervisor wake, ikalia weee mpaka ikakatika. Nikampa azungumze na Jentrix, akamsikiliza kwa heshima, akampa pole, akanirudishia simu.

"Sauti ni sauti," akasema. "Siwezi jua ni ya nani."

Ni Jentrix aliyepata akili. Alipiga picha ile kadi ya lango, akiishika karibu na uso wake uliovimba kwa kulia, akanitumia. Nyuma yake ilionekana feri, na watu wakipanda na mizigo yao. Kyengo akaikuza picha kwa vidole viwili. Akalinganisha namba na ile aliyoiandika kwenye bahasha ya kitambulisho. Akalinganisha uso na uso. Alikuwa hana haraka, Mungu amsamehe, na mimi nilikuwa nikizunguka pale langoni nikipiga teke changarawe.

"Haya," akasema. "Picha tu. Mbele na nyuma."

Nikapiga, nikatuma, nikampigia Jentrix.

"Imefika!" akasema. Nikamsikia akimwita karani: "Dada! Dada, angalia, ni mimi huyu!" Karani akamwambia alete simu, akaanza kusoma namba kwa sauti. Alikuwa akiiandika. Nakuapia, alikuwa akiiandika. Nikamshika Kyengo bega kwa furaha, naye akacheka.

Ndipo honi ya feri ikalia, ndefu, ikasikika kwenye simu mpaka pale Mugutha. Jentrix akapiga kelele, "Ngojeni! Ngojeni mimi!" Nikasikia miguu yake ikikimbia juu ya mbao, halafu sauti za wanaume wakimwambia arudi nyuma, mlango umeshainuliwa.

Kisha akarudi kwenye simu, akihema.

"Mwambie Dismas," akasema. Dismas ni kaka yake. "Mimi siwezi."

Kyengo alikuwa amesikia yote. Alinyoosha mkono kupitia kidirisha, akaniwekea kitambulisho kiganjani, bila kadi, bila sahihi. Nilitamani kumrudishia. Nilitamani pia kumtukana, lakini macho yake yalikuwa yamelowa kama yangu, sasa ningemtukana nini?

Nikampigia Dismas. Alishika simu mara moja, na nyuma yake akina mama walikuwa wakiimba.

"Shemeji!" akasema. "Ameshapanda, sindio? Tumemwekea kiti hapa karibu na jeneza, na pasta amekubali hatutafunika mama mpaka amuone."