Mikono ya Mwashi

Damu ilikuwa ndogo tu, tone mithili ya punje ya mtama, lakini ilikuwa kwenye kola ya shati jeupe la shule, na mwashi aliiona pasi ikiwa mkononi. Akaigeuza kola upande wa pili, akakuta tone jingine. Aliweka pasi chini, akamwita bintiye.

"Hebu njoo nikuone shingo."

Mtoto alikuja akiburuza miguu. Mtaa mzima ulimwita Chiriku, maana tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Ila upepo wa kipupwe ulipoanza kupenya chini ya milango, maneno yalimpungua kama maji ya kisima wakati wa ukame. Mwashi alidhani anamlilia mamaye. Mama mtu alikuwa amefariki katikati ya msimu wa joto, na hiki kilikuwa kipupwe chao cha kwanza wakiwa wawili. Alipofunua shingo, aliona ngozi imepauka na kutoa magamba, na juu yake michirizi ya kucha. Akapandisha mikono ya sweta. Kwenye mikunjo ya viwiko palikuwa pamechunika kabisa.

"Tangu lini hivi?"

"Tangu baridi. Kila mwaka inataka kuja," mtoto alijibu. "Mama alikuwa haipi nafasi."

Mwashi aliishusha mikono ya sweta taratibu. Miaka yote amemwona mtoto huyu akitoka asubuhi anang'aa, akadhani watoto ndivyo walivyo. Kama mtu apitaye kila siku kando ya ukuta ulionyooka asijiulize ni nani aliyeupima kwa timazi.

Jioni ile alichemsha maji, akamtia mtoto kwenye beseni, akamsugua kwa dodoki kwa bidii ya mtu anayebandua saruji iliyoganda. Kisha akachota mafuta kwa vidole viwili na kuanza kumpaka. Chiriku aliuma midomo, mabega yakampanda hadi masikioni.

"Baba, mikono yako inakwaruza."

Hakulia. Afadhali angelia. Mwashi alivitazama viganja vyake chini ya taa: vimeliwa na saruji, sugu juu ya sugu, na nyufa zilizokuwa zimefunguka kwenye kila kiungo. Alikuwa hajavitazama siku nyingi. Aliona aibu, akamkabidhi mtoto kopo la mafuta ajipake mwenyewe.

Habari hazikawii. Dada yake mkubwa, aliyemlea yeye mwashi walipofiwa na wazazi, alifika kesho yake kutoka mtaa wa pili, akamkagua mtoto, akamtuma dukani ili wakubwa wabaki peke yao.

"Mdogo wangu, mtoto si tofali. Huyu nitamchukua Jumapili."

"Nipe muda, dada."

"Muda wa nini? Kazi yako naiheshimu, lakini ngozi ya mtoto utaijulia wapi?"

Angeweza kubisha. Lakini dada yule alikuwa mama na baba kwake, na zaidi ya hapo, alichosema kilikuwa na ukweli ndani yake. Dada alipoondoka, mwashi alisimama mlangoni akaona jinsi nyumba itakavyokuwa: kiatu kimoja kikubwa hapa, kingine pale, basi.

Asubuhi hakwenda kazini. Alimshika mtoto mkono, wakaenda zahanati. Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani, aliichunguza ile mikunjo bila haraka.

"Ni pumu ya ngozi. Haiambukizi, wala haikuletwa na uchafu, kwa hiyo acha kumsugua. Baridi inakausha ngozi, na maji ya moto na dodoki vinamalizia. Mwogeshe kwa maji ya vuguvugu, upesi, na sabuni isiyo na manukato. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo. Kisha umpake mafuta mazito ngozi ingali na umajimaji, yauzuie usitoke. Na ndani ya hilo sweta avae fulana ya pamba." Akampa dawa ya kupaka palipochunika. Alipomnyooshea kopo, macho yake yalitua kwenye mkono uliolipokea. "Na wewe je?"

"Mimi ni mwashi."

"Sikukuuliza kazi."

Mwashi akatabasamu kwa haya.

"Mikono hiyo ukimpaka nayo, unatibu huku unakwaruza," muuguzi alisema. "Nunua glavu za kazini. Jioni nawa, jipake, uilaze mikono ndani ya soksi."

Glavu zilimletea sifa kazini. Wenzake walimwita Bwana Harusi, wakamuuliza mahari ni kiasi gani. "Saruji nimeioa zamani," aliwajibu akipanga tofali, "ila siku hizi hatushikani mikono." Wakacheka, na kazi ikaendelea. Wala si mzaha uliomwia mgumu. Kilichomwia mgumu ni kukaa kitandani kabla ya kulala na kujipaka mafuta polepole, kidole baada ya kidole, kama kwamba na yeye ni mtu wa kutunzwa. Hakuwa amefundishwa hivyo. Alifundishwa kwamba mwili wa mwanamume ni chombo cha kazi, kikitoboka, utaziba.

Chiriku alipomwona ameinua mikono miwili ndani ya soksi za kijivu, alicheka hadi akakaa chini. Kicheko hicho kilifungua kinywa. Jioni zilizofuata, akiwa kwenye beseni, alianza kumwelekeza.

"Mama huanza nyuma ya masikio. Anasema ndiko kunakosahaulika."

"Halafu?"

"Halafu magoti, halafu ananipulizia hapa. Hiyo si dawa, ni basi tu."

Mwashi alipuliza. Aliishi na mwanamke yule miaka mingi, akala chakula chake, akamzika. Na sasa, mafuta yakimteleza vidoleni, ndiyo kwanza alikuwa anajulishwa kwake.

Jumapili dada alifika na begi kubwa tupu. Alimvuta mtoto dirishani penye mwanga, akamkunja kola, akampandisha mikono ya sweta. Alama zilikuwepo bado, lakini zilikuwa zimefunga, na ngozi pembeni yake ilikuwa laini. Akapitisha kidole nyuma ya sikio, akakitazama kile kidole.

"Shangazi, begi la nini?" Chiriku aliuliza.

Dada mtu akamtazama mdogo wake, kisha begi.

"La viazi. Nitapitia sokoni."

Akaketi kwenye kigoda, akavua viatu apumzike, na mwashi ndipo alipoiona miguu yake. Magaga yalikuwa yamepasua visigino, mengine yakiwa mekundu ndani. Dada alipogundua anatazamwa, aliirudisha miguu chini ya kigoda upesi. Mwashi aliinuka. Alikwenda jikoni, akachanganya maji ya moto na ya baridi, akayapima kwa kiwiko, akaleta beseni na kupiga magoti.

"Acha bwana," dada alisema. "Mimi mtu mzima."

"Weka tu, dada."

Aliweka mguu mmoja. Baada ya kitambo akaweka wa pili. Chiriku alileta taulo, akachuchumaa na kuanza kumweleza shangazi yake kwa nini hapaswi kusugua. Dada alimsikiliza akiwa amefumba macho, mikono imelala mapajani.

"Maji yanapoa," alisema hatimaye.

"Nikuongezee?"

"Ongeza kidogo."